Shingo Ilipona, Koo Likagoma

Kovu langu liko mbele ya shingo, upande wa kulia, limejificha kwenye mkunjo wa ngozi. Wanaoliona hudhani nilitolewa rovu. Nikisema nilipasuliwa pingili za shingo hunizunguka watazame kisogo, na wakikuta hakuna mshono huona nawafanyia mzaha. Hata mimi kabla ya kulazwa nilijua kwamba pingili za mtu hufikiwa kwa nyuma. Naandika kwa ajili ya yule aliyekwisha kuambiwa kuwa diski ya shingo, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, inambana mishipa ya fahamu na hana budi kupasuliwa. Habari za shingo yenyewe ataelezwa vya kutosha. Za koo huenda asielezwe, au aelezwe kwa haraka wakati akili yake iko kwingine.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Tanga. Ugonjwa ulianzia kwenye sindano. Nilikuwa nikitunga uzi unakosa tundu, mara ya pili unakosa, mpaka mteja mmoja akanishauri nikanunue miwani. Lakini jicho lilikuwa linaliona tundu vizuri. Kidole ndicho kilichokuwa hakijui kimeshika nini. Baadaye vifungo vya shati langu mwenyewe vikawa kazi ya mke wangu, na miguu nayo ikaanza kuyumba kama nimeshuka chomboni sasa hivi. Maumivu hayakuwa mengi, na hapo ndipo wengi wanapochelewa: tunangoja kitu kiume ndipo tukiite ugonjwa. Huu unaweza kukunyang'anya vidole na miguu bila kukuuma hata kidogo.

Daktari alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kupita kiasi. Akanitaka nitembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, nikashindwa. Kipimo cha MRI kikaonesha diski mbili zimechomoza nyuma na kukandamiza mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili: moja kati ya pingili ya 5 na ya 6, nyingine kati ya ya 6 na ya 7. Shingo ina pingili 7, na hizo za chini ndizo zinazochoka kwa watu wengi. Kwa fundi anayeinamia cherehani tangu ujana wake, sikuona cha kushangaa. Daktari alinipa neno moja ambalo ninamshukuru hadi leo: lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia hali isiendelee kuharibika. Kitakachorudi juu ya hapo ni heri, lakini hakuahidi.

Nilipelekwa Dar es Salaam. Kwenye fedha, ninachoweza kumwambia mwenzangu ni kwamba aulize mapema, tena kwa maandishi, bima inalipia nini na hailipii nini. Yangu ililipa kitanda na upasuaji. Bamba la titani na skrubu zake tukaambiwa tununue. Vilevile kuna kijisanduku kidogo kinachowekwa mahali pa diski iliyotolewa, nacho bei yake ilitushinda, kwa hiyo daktari akasema atachukua vipande vya mfupa wa nyonga yangu na kuvipachika pale. Ni njia ya zamani na inafanya kazi. Mke wangu alikopa kwenye kikoba chao, mimi nikauza cherehani ya kudarizi, na marejesho ya mkopo yaliendelea muda mrefu baada ya nyuzi kutolewa. Jambo jingine nisilolihesabu kwenye bajeti ni nauli na malazi ya kurudi kliniki. Anayeishi mkoani aongeze fungu hilo tangu mwanzo, maana kliniki haziishi.

Fomu ya ridhaa nilisomewa jioni. Kutokwa damu, maambukizi, kupooza, kufa. Na kumeza kwa shida kulitajwa, nakumbuka vizuri, hapo katikati ya kupooza na kufa. Nani atalisikia? Mtu akishasikia kupooza, mengine yanapita juu ya kichwa. Ingefaa habari ya koo ielezwe siku nyingine, mbali na kifo, na mgonjwa akiwa na mtu wake wa nyumbani, kwa sababu ndiye atakayempikia.

Sababu ya kupita mbele ni hii. Diski imekaa mbele ya mshipa mkuu wa fahamu. Anayeingilia kisogoni inambidi aupite mshipa ule ndipo aifikie diski, na mshipa ule hausogezwi ovyo. Anayeingilia mbele hupasua pembeni ya koromeo, hupenya kati ya misuli, husogeza koo la hewa na umio upande mmoja na mishipa mikubwa ya damu upande wa pili, na hapo pingili zinakuwa wazi. Madaktari wa Marekani waliiandika njia hii katika miaka ya 1950, na kwa diski za shingo imekuwa ya kawaida duniani. Misuli ya kisogo haiguswi, ndiyo maana shingo yangu yenyewe haikuniuma sana. Gharama yake inalipwa na koo. Umio unazuiwa pembeni kwa vyuma vya kutanulia kazi yote ikiendelea, na mrija wa nusukaputi uko ndani ya koo la hewa wakati huohuo. Nyama za nyuma ya koo huvimba. Bamba nalo linabaki pale, nyuma tu ya umio. Tena upo mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti, unaopita jirani kabisa. Ukivutwa, uzi wa upande huo huzubaa.

Usiku wa kwanza nesi wa zamu hakuniacha nilale. Kila nikisinzia anakuja na tochi, ananitaka nitaje jina langu, anapapasa shingo, anatazama bomba la kutolea damu, anaondoka. Nilikereka. Kulipokucha alinieleza kwamba damu ikivuja ndani na kujikusanya, shingo huvimba na kuliminya koo la hewa, na hapo zinahesabiwa dakika. Huwapata wachache, aghalabu katika saa za mwanzo, lakini hata siku chache baadaye inawezekana. Kwa hiyo aliyerudi nyumbani akiona shingo inatuna, pumzi inakoroma, au mate yenyewe yanashindwa kushuka, asingoje asubuhi wala asianze kutafuta namba ya daktari wake. Aende hospitali iliyo karibu, usiku uleule.

Kikombe cha kwanza cha chai ya rangi kilinipalia. Nikakohoa mpaka mshono ukauma. Mkate niliopewa nao ulifika mahali ukatulia, haushuki wala haupandi. Sauti ilikuwa mnong'ono. Nikaambiwa ni kawaida, itaisha. Na kwa wengi ni kweli. Mpwa wangu anayesomea uuguzi alinisomea utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002: mwezi mmoja baada ya upasuaji wa namna hii, nusu ya wagonjwa walikuwa na shida ya kumeza, baada ya miezi 2 walibaki kama 32 kwa kila 100, baada ya miezi 6, 18, na mwaka ulipotimia, 12 au 13. Wanawake na waliotengenezwa pingili nyingi ndio walioonekana kusumbuka zaidi. Tafiti nyingine zina hesabu zilizo mbali na hizo, kwa kuwa kila mmoja anauliza kwa namna yake. Hesabu zile zilinituliza. Lakini "ni kawaida" ndilo neno nililoruhusiwa nalo kwenda nyumbani, na hakuna aliyeniuliza swali ambalo baadaye niligundua ndilo kiini cha yote: kinachokushinda ni kigumu au ni maji?

Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja, mcheshi, aliyepasuliwa shingo kama mimi. Alikuwa akikohoa kila akinywa, lakini daktari akipita anajikaza, anasema, "Alhamdulillah, najisikia vizuri, baba," ili aruhusiwe. Akaruhusiwa. Tulipokutana kliniki alikuwa ametoka kulazwa tena kwa homa ya mapafu. Kinywaji kinachoteleza kwenda njia ya hewa hufikia kifuani, na kwa baadhi ya watu hata kikohozi hakiji kuwashtua. Unaona homa tu za jioni na kifua kizito. Kikohozi cha mezani kitajwe kwa daktari hata kama kinachelewesha safari ya nyumbani.

Nyumbani wote walikuwa na nia njema. Koo linauma, basi mpe vya majimaji. Uji mwepesi, supu iliyochujwa, juisi ya ukwaju, madafu kutoka kwa shemeji wa Pangani. Kila kilichokuwa chepesi zaidi ndicho kilichonipalia zaidi. Madafu, ambayo mtu wa Tanga hamnyimi mgonjwa, yalinitoa machozi. Nikiyaacha na kujaribu wali, punje zinasambaa na kubaki kooni, nameza na kumeza tena, kitu kipo palepale. Ikawa sili, na kwa kuwa kunywa ni mateso, sinywi. Mkojo ukawa wa rangi ya chai.

Shangazi yangu alikuwa na dawa yake. "Baba, piga tonge kubwa la ugali, umeze bila kutafuna, litasukuma." Ndivyo tulivyolelewa mtu akikwamwa na mwiba wa samaki. Mke wangu alimzuia kwa adabu, na nashukuru. Hakukuwa na mwiba pale. Njia yenyewe ndiyo iliyokuwa imevimba, na tonge kubwa juu ya njia nyembamba ni kumtafutia mtu kifo mezani. Wapo pia waliosema kimya kimya kwamba sauti ya mtu haiondoki hivihivi, kuna mkono wa mtu. Sikubishana nao, sauti ya kubishana ningeitoa wapi?

Vidonge vilikuwa vita vingine. Muuza duka la dawa alitaka kunisagia vyote kwa pamoja. Mpwa wangu akapiga simu akakataa kata kata. Vipo vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole kutwa nzima. Ukivisaga, dozi yote inaingia kwa mara moja. Vingine vina ganda la kuvikinga na tindikali ya tumbo. Kwa hiyo ni kumuuliza mfamasia, kimoja kimoja, kipi kinasagwa, kipi kina namna ya maji, kipi kibadilishwe. Vile vilivyoruhusiwa nilivichanganya na kijiko cha ndizi iliyopondwa, na vikapita.

Mizani hatukuwa nayo. Nilikuwa na futi ya kazini. Kiuno changu kilikuwa 36. Siku niliyojipima kikasoma 33, na suruali zangu mwenyewe nikawa nazipunguza, mikono yenye ganzi. Hapo mke wangu akasema tunarudi Dar, kliniki isingojwe. Kwa asiye na mizani, futi inatosha: pima kiuno na mkono wa juu kila Ijumaa, andika. Ile karatasi yenye namba zinazoshuka ndiyo iliyomfanya daktari ainue kichwa.

Safari hii nilitazamwa na daktari wa masikio, pua na koo. Alipitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni, akanitaka nitoe sauti ya "iii". Uzi wa sauti wa kushoto ukacheza, wa kulia ukabaki umesimama. Kisha nikapelekwa kunywa bariamu, maji meupe mazito yenye ladha ya chaki, huku eksirei ikichukua picha za mwendo. Nilionyeshwa. Sehemu ya kile nilichokimeza ilibaki kwenye vijishimo vya pembeni ya koo, kisha ikachuruzika taratibu kuelekea njia ya hewa baada ya mimi kudhani nimemaliza. Bamba lilikuwa mahali pake, skrubu hazijachomoza, na umio haukuwa umetoboka. Kutoboka kwa umio ni nadra ila ni hatari sana. Dalili zake ni homa, maumivu ya shingo yanayopanda badala ya kushuka, uvimbe, usaha au chakula kwenye mshono, na wakati mwingine ngozi ya shingo ikibonyezwa inatoa mlio wa kupasukapasuka kwa hewa iliyo chini yake.

Aliyenisaidia hasa ni mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza. Wataalamu hawa nchini ni wachache mno, na wanapatikana zaidi miji mikubwa. Ukimpata mmoja, mwombe ruhusa urekodi maelezo yake kwenye simu, na uwe na anayekupikia. Ndiye aliyenieleza kwamba nina shida mbili katika koo moja na kila moja inataka kinyume cha mwenzake. Uvimbe unakataa vigumu, kwa hiyo unataka chakula laini. Uzi wa sauti uliozubaa hauzibi vizuri mlango wa njia ya hewa, kwa hiyo unakataa vyepesi, maana maji hukimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga. Nyumbani tulikuwa tukitibu moja na kuchochea nyingine. Nilichokihitaji ni kitu cha katikati: kizito kiasi cha kwenda polepole, laini kiasi cha kutokwama, na kilichoshikana kisitawanyike.

Alitufundisha kupima kwa kijiko. Chota uji, kiinamishe kijiko. Ukitiririka mara moja, bado ni mwepesi. Ukishikilia kidogo kisha ukaanguka wote bila kuacha mengi kijikoni, huo ndio. Ukinata na kugoma kushuka, umepitiliza na utagoma hata kooni.

Basi jiko letu likabadilika. Uji wa dona mzito, uliochujwa usiwe na chembe. Mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa. Bokoboko, ambalo kwetu ni chakula cha karamu, likawa chakula cha Jumatatu. Mtindi mzito, parachichi lililopondwa, viazi vitamu na maziwa. Jirani yetu wa kutoka Singida alituletea mlenda mkavu, na sina haya kusema kwamba ulinilisha kuliko dawa yoyote: ugali laini, tonge dogo mno, limezama kwenye mlenda, linateleza lenyewe. Sisi watu wa nazi tulizoea kuucheka mlenda. Samaki nilikula nguru, minofu iliyopondwa ndani ya mchuzi mzito. Vibua na miba yake niliwaachia wenye koo zao.

Vilivyonisumbua hadi mwisho ni vile vyenye mchanganyiko wa maji na vipande: supu yenye nyama ndani, makande ya majimaji, chungwa, tikiti. Mdomo unatafuna kipande na huku maji yameshatangulia. Hata barafu na askirimu, zinazoonekana nzito, zikifika mdomoni ni maji. Pilipili na tangawizi kali zinachokonoa kikohozi. Maji ya kunywa niliyapata kwa juisi nzito ya embe na uji, na maji matupu nikayarudia taratibu kwa kijiko, kwa idhini ya yule mtaalamu, nikiwa nimepiga mswaki kwanza. Mswaki aliusisitiza sana, asubuhi, usiku na baada ya chakula, kwa sababu kinachoteleza kwenda mapafuni kikibeba uchafu wa kinywa ndicho kinacholeta homa.

Kuhusu namna ya kumeza: kaa wima, kijiko kidogo, usizungumze. Vuta pumzi, izuie, meza, kohoa kidogo, meza tena, ndipo uvute pumzi nyingine. Baada ya chakula kaa wima kama nusu saa. Ipo pia mbinu ya kugeuza uso upande wa uzi uliozubaa wakati wa kumeza, na ya kuinamisha kidevu, lakini zote zinahusu kucheza na shingo ambayo mfupa wake haujashika, na mimi nilikuwa bado na kola ya kushikilia shingo. Ya kugeuza nilianza pale tu daktari wa mifupa aliporidhia. Usizichukue mbinu hizi kutoka kwangu ukazifanya usiku huu. Mpe kwanza aliyekupasua azione.

Jambo lisiloandikwa kwenye karatasi yoyote ya hospitali ni sinia. Fundi haachi kualikwa harusini. Kwenye sinia la watu wanne, anayemeza mara tatu kwa kila tonge anaamka na njaa, na akikohoa wenzake wanavuta mikono. Nilipoanza kuomba sahani yangu peke yangu, wapo waliodhani nawaona wachafu. Ikabidi mke wangu awatangulie wenye shughuli kuwaeleza, na baada ya hapo nilikuwa nakula nyumbani kwanza, naenda harusini kushuhudia tu. Upweke wa namna hii unachosha kuliko uchungu wa mshono. Familia isiuchukulie kuwa ni kiburi.

Ramadhani ilinikuta katikati ya hali hiyo. Mgonjwa ana ruhusa na sikufunga, lakini sijapata kula vizuri kama mwezi ule. Futari yetu ya pwani, mihogo ya nazi iliyoiva ikalainika, magimbi, viazi, uji mzito, karibu yote ilikuwa imeshapikwa kwa kipimo cha koo langu bila mtu kunipikia peke yangu. Nilikaa jamvini na wenzangu. Futi ikaanza kupanda.

Sauti ilirudi kwa miezi, na ilirudi vibaya kwanza, inakatika katikati ya neno. Kwenye simu watu walikata wakidhani mtandao mbovu. Bei za nguo alizitaja mke wangu, na lazima nikiri kwamba yeye hapunguzi kama mimi, kwa hiyo duka halikuumia sana. Mshipa uliovutwa huchukua muda mrefu kuamka. Niliambiwa tusifikirie tiba nyingine ya uzi wa sauti kabla mwaka haujakaribia kutimia, na kabla ya hapo wa kulia ukaanza kucheza. Kadiri sauti ilivyonenepa, maji nayo yakaacha kunipalia. Mtaalamu alikuwa ameniambia yatafuatana, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa baadhi ya wagonjwa mshipa hauamki, na kwao kuna matibabu ya kuusogeza uzi ule katikati. Wasiambiwe "vumilia" miaka.

Nyonga walipochota mfupa iliniuma kuliko shingo. Nilikuwa napanda ngazi kwa mguu mmoja, na ubavu wa paja upande ule una ganzi mpaka sasa. Ningekuwa na fedha za kile kijisanduku ningechagua kijisanduku. Siyo kwamba njia ya nyonga ni mbaya, ila mtu ajue kwamba anapasuliwa mahali pawili na kila pahali pana madai yake. Bega langu lilikuwa salama. Wapo ambao siku chache baada ya upasuaji mkono unashindwa kuinuka begani, na aghalabu hurudi kwa mazoezi na muda, lakini likitokea liripotiwe siku hiyohiyo. Sigara niliulizwa kila kliniki. Sivuti. Wanaovuta waache kabla, kwa kuwa mfupa wao huchelewa kushikana, na koo lao nalo hupona kwa taabu.

Sasa nakula karibu kila kitu. Chapati kavu lazima iwe na mchuzi, yai la kuchemsha nalikata vipande vidogo, na vidonge vikubwa bado navigawa baada ya kuuliza. Miguu imetulia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki na ganzi, kwa hiyo natumia sindano zenye tundu kubwa na kazi ya kudarizi nampa kijana. Meza ya cherehani nimeiinua kwa matofali ili nisiinamie, na kila nikimaliza mshono mmoja nainua macho nitazame barabarani. Kliniki inayofuata ni ya eksirei: mfupa wa juu, kati ya pingili ya 5 na ya 6, umeshashika; wa chini daktari anataka kuuona mara moja zaidi kabla hajaniruhusu kubeba majora ya vitambaa.